Kaburi la Kocha Msaidizi

Klabu ilipomtangaza mdogo wangu kuwa kocha msaidizi, mashabiki wa Singida walikuwa wanamngoja Mbrazili. Nani aliyewaahidi Mbrazili, sijui. Walikuja kwenye kibanda changu cha chai pale Utemini wakakaa kama watu waliofiwa, na walijua fika kwamba mimi ni dada yake.

“Huyu si ndiye aliyepiga penalti ikaenda kutua Ziwa Kindai?” mmoja akauliza.

“Ndiye. Sasa anakuja kuwaonyesha wenzake njia ya ziwani.”

Nilicheka nao kidogo, maana mteja hagombezwi asubuhi. Utani wa makabila tumeuzoea, mtani wako anaweza hata kulala kaburini siku ya msiba wako, asitoke mpaka abembelezwe. Lakini hawa hawakuwa watani wetu. Walikuwa watu wenye roho mbaya, basi.

Alasiri wakapita barabarani na jeneza la maboksi ya mafuta ya kupikia, picha ya mdogo wangu imebandikwa juu, wanalia kwa sauti. Dereva mmoja wa bodaboda, mtu mzima mwenye watoto, akasimama kusoma wasifu wa marehemu: alizaliwa Kinyangiri, akachunga mbuzi, akapewa timu, akafa. Watu walishika mbavu. Video ikasambaa kabla ya magharibi. Mdogo wangu alizima simu kwa sababu ya matusi, nami nikazima yangu, maana namba walishaipata.

Kule kijijini, jirani alimwonyesha mama ile video. Mama haoni vizuri. Aliona picha ya mwanawe, akaona jeneza, akasikia vilio. Waliotupigia hawakutupata. Ardhi ya kwetu ni mawe matupu na kaburi huanzwa mapema, kwa hiyo alfajiri wanaume wa ukoo wakashika sururu huku wakisubiri mwili utoke mjini. Sisi tulijua mambo hayo asubuhi, pale abiria mmoja wa basi la kutoka kwetu Mkalama alipokuja kibandani kunipa pole ya msiba.

Tulipofika, mama alikuwa amekaa chini uani, amenyolewa kichwa. Alimpapasa mwanawe usoni, masikioni, mabegani. Hakulia. Alimuuliza kama amekula.

Kaburi lilikuwa limekwisha. Na kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu, litaita mtu. Baba mkubwa akasema lizikwe gogo, ila livikwe nguo yenye jasho la mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa amevaa koti la mazoezi alilokabidhiwa na klabu, jipya kabisa, cheo chake kimeandikwa mgongoni. Jumamosi ile ilikuwa iwe mechi yake ya kwanza.

“Nitatafuta shati,” alisema.

“Nguo si hiyo hapo?” mama akasema.

“Mama, hili ni la kazi.”

“Ndilo lililokuua. Vua.”

Miaka mingi alikuwa ameingoja kazi hiyo, akifundisha watoto wa shule kwenye uwanja wa vumbi bila shukrani ya mtu. Nilitamani amkatalie mama. Nilitamani sana. Lakini utabishana vipi na mama aliyenyoa nywele zake kwa ajili yako? Akavua. Gogo likavikwa koti, likashushwa, tukatupia udongo mmoja mmoja, naye akatupia wa kwake. Walipomaliza kufukia, mama akamshika mkono mbele ya ukoo mzima akasema huyu harudi tena kwa wale watu, labda siku yeye mama atakapokuwa ameshakufa. Mdogo wangu alitazama chini, akasema sawa.

Alipowasha simu yake, klabu ilipiga mpaka ikachoka, hakupokea. Jumamosi timu ilishinda bila yeye.

Niliporudi kibandani, yule dereva wa bodaboda alikuwa wa kwanza kufika. Aliniamkia shikamoo kwa adabu zote. Nikaitikia marahaba, nikammiminia chai. Akaniuliza, midomo ameibana kuzuia kicheko, kama tumezika salama.

Nikamwambia tumezika.