Chungu cha Mama Lea

Mama mkwe wangu, Damari wa Iguguno, hakunywa pombe maisha yake yote, lakini aliipika vizuri kuliko wapika pombe wote wa Iramba. Nasema hivyo bila kumvunjia heshima. Pombe yake ya asali ilikuwa ya kulowekea mizizi ya dawa ya tumbo, basi. Watu waliifuata hata kutoka migodini Sekenke, wameshika matumbo.

Nilimchumbia binti yake Lea wakati wa Mwingereza, na kanisa letu lilikuwa kali. Aliyekutwa na pombe nyumbani alitengwa, na aliyetengwa alikaa benchi la mlangoni. Zikiwa zimebaki wiki mbili tufunge ndoa, mzee wa kanisa, Kefa, alipita kwa Damari akanusa chungu. Lea alilia. Mimi nilikasirika, maana haiingii akilini mama aozeshe binti yake akiwa ameketi mlangoni kama mpita njia.

Wazee wakaja kuamua.

"Mama Lea, loweka kwa maji," alisema Mzee Kefa. "Maji hayana dhambi."

"Nimeshaloweka, mzee wangu. Onja."

Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili. Kefa alionja, akasema ni maji tu.

"Maji yanachukua rangi, uchungu, ambao ndio dawa, yanauacha kwenye mzizi," alisema Damari. "Marehemu bibi alijaribu kwa moshi, ile pombe kali iliyokatazwa na serikali. Moshi ukatoa ulimbo wa kunata, uchungu ukabaki palepale. Pombe ya asali ina maji na ina ukali kidogo, vyote pamoja. Hapo ndipo mzizi unapoachia. Sasa onja hii."

Kefa alipiga funda kubwa, tena kwa moyo mkunjufu. Macho yakamtoka. Alitoka mbio akatema, akarudi akakinyakua kile kikombe cha kwanza cha maji, akakimaliza chote. Wazee wenzake walikitazama cha pili, na hakuna aliyenyoosha mkono.

"Hii si pombe," alisema Kefa alipopata sauti. "Hakuna mlevi atakayeinywa."

Wakakubaliana apike, ila pombe ikiiva tu, mizizi itiwe mbele ya Mzee Kefa. Juma lililofuata alikuja, akakiinamia chungu kinachonukia asali, akakaa hivyo kitambo. Kisha akasema kwa unyonge, "Tia, mama."

Siku ya harusi, Mzee Kefa mwenyewe ndiye aliyemtangulia Damari hadi benchi la mbele. Nilikuwa nimesimama karibu, nikamsikia akinong'ona.

"Mama Lea, kile chungu cha juzi, mizizi ulitia yote?"

"Si wewe uliyeniambia nitie?"

"Ndiyo," alisema Mzee Kefa, akashusha pumzi mpaka kwaya ikageuka kumtazama.

Nikamwapia Lea huku nimeuma midomo nisicheke, na mama yake ameketi mbele, mahali pake.