Anayetangulia Kuingia

Mrina asali aliyewaongoza walimu wawili, Crispin na Odilia, kwenye vilima vya Kasulu, wakilala kila usiku katika kibanda kingine, alikuwa mzee wa sauti ya chini na vidole vilivyokakamaa kwa miiba ya nyuki. Kila kibanda aliingia kwanza peke yake, akakawia humo, wenzake wakisubiri nje. “Mzee anatuwahi kitanda huyu!” Crispin alitania. Kwenye kibanda cha tatu Odilia, miguu ikimwaka moto, aliukimbilia mlango. Mzee alimvuta mkoba mpaka akaanguka chali.

“Buhoro, mwalimu! Polepole!”

Akaingia. Alipotoka alikuwa amemkaba swila mweusi shingoni, mkia ukijiviringisha mkononi mwake. “Alikuwa amelala kitandani,” alisema kwa upole. Odilia, angali chini, alijivuta nyuma.

“Sasa karibuni ndani.”

Hakuna aliyeinua mguu.