Baba alivyoiona theluji ya Muscat kwenye simu, na alichomuuliza mdogo wangu

Wakuu, salaam. Hili limenitokea mwenyewe hapa Muscat na nalileta kama lilivyo, anayetaka kuamini aamini.

Mimi ni fundi AC, naishi Ruwi. Mdogo wangu Neema anafanya kazi za ndani kwa familia moja ya Waomani wenye asili ya Unguja. Kwetu ni Singida.

Neema alipotaka kuja huku, baba alikataa katakata. Alishasikia habari nyingi za mabinti wanaoteswa Uarabuni. Neema akaja hivyo hivyo.

Tangu hapo mzee hakuongea naye. Neema akipiga, baba anampa mama simu, anatoka nje. Mwaka wa pili huo.

Sasa juzi kati Neema kapewa off ya siku nzima. Akaniambia, "Kaka, nataka kuiona theluji."

Kuna park ya ndani huku, wametengeneza theluji ya ukweli. Kuna milima ya kuteleza, kuna na penguin. Nje jua kali mpaka ukishika mlango wa gari unaungua, ndani watu wanatetemeka.

Nikaanza kupanga. Tiketi nikakata kwa simu na kupiga screenshot, maana getini watu wanakwama wakitafuta network. Ramani nikaidownload kabisa. Power bank full.

Halafu nikafanya jambo moja bila kumwambia Neema. Huku app tuliyoizoea haipigi video, kwa hiyo nilimwelekeza mama aweke nyingine, tukaijaribu mpaka akaizoea. Nilitaka tu mama amwone mwanawe akifurahi.

Asubuhi Bi Salma, bosi wake Neema, akatupeleka na gari lake. Tunashuka, akaniambia, "Simu uivishe soksi. Baridi ya mule inaua betri. Mimi yangu ilizima mkononi, na nilikuwa nna chaji tele."

Nilicheka, ila nikaivisha soksi.

Wahudumu wakatupatia makoti, buti na glavu. Simu ya Neema tukaifungia kwenye kabati la nguo.

Wakuu, mlango ule ulipofunguka nilisahau ufundi wangu wote. Miaka nahangaika kupooza chumba kimoja, hapa wamegandisha mlima. Pumzi inatoka kama moshi. Penguin wanapita na tumbo mbele, kama wazee wa kanisa wanaopeleka sadaka.

Kisha theluji ikaanza kudondoka kutoka juu. Neema akakinga mikono.

"Kaka, mbona haina sauti? Mvua ya kwetu ina sauti."

Nikatoa simu kwenye soksi, nikampigia mama.

Mama alipokea, akaangalia. Nikasikia sauti ya baba nyuma yake ikiuliza, "Mnaangalia nini?" Mara uso wa mzee ukajaa kwenye screen.

"Hiyo ni chumvi?"

Kwetu ziwa likikauka huacha chumvi nyeupe pembeni, nadhani ndicho alichofikiria. Nikageuza kamera kwa Neema.

Neema aliganda. Kisha akasema taratibu, "Ni barafu, baba. Inanyesha kama mvua."

Uso wa mzee ukasogea nyuma kwenye screen. Nikajua mzee anainuka atoke nje kama kawaida yake.

"Hebu iweke mdomoni nione."

Neema akavua glavu, akaonja. "Haina ladha, baba. Ni baridi tu, halafu inaisha."

"Na miguu? Haikufi ganzi?"

"Nimevaa buti, baba."

Mzee akakohoa kidogo. "Wanakulisha vizuri huko?"

Hapo Neema akaanza kulia. "Wananilisha, baba. Yule mama ananiita..."

Simu ikazima.

Nikachomeka power bank, wapi. Nikaiweka kwapani, wapi. Tukatoka mbio mpaka kwenye makabati. Mimi nilikuwa naiwaza ile soksi, nikijiona nimeharibu kila kitu. Nilijua ukimya wa baba ukirudi, hatutaupata tena mlango.

Neema anafungua kabati, simu yake inaita. Namba ya mama, laini ya kawaida, kwa vocha.

Akapokea, akaweka loudspeaker. Alikuwa baba.

"Tumekatika. Hebu endelea, huyo mama anakuitaje?"

"Ananiita mwanangu, baba."

Wakuu, tulikaa chini pale pale na makoti yetu. Watu wanapita na watoto wao, Neema anaongea, baba anauliza, anauliza tena. Muda wa tiketi uliisha hatujateleza hata mlima mmoja. Neema hakuulizia mlima.

Nilichojifunza: ukienda sehemu kama hizi panga mapema, tiketi na ramani ziwe ndani ya simu, na usidharau baridi. Lakini acha nafasi kwenye ratiba. Mimi nilipanga kila kitu, na kilichotokea sikukipanga.

Wenye wazazi waliowanunia sababu ya kuja huku, nyie kwenu barafu iliyeyukaje? Na mafundi wenzangu, hii ya betri kufa kwa baridi nielewesheni.