Sanduku la Bibi Arusi

Mtaani kwetu Tanga ni mimi peke yangu niliyerudi kutoka ng'ambo na diploma ya historia ya mavazi, na niliilipia mwenyewe kwa kupiga pasi. Mchana nilikuwa kwa dobi mmoja North York, jijini Toronto, jioni darasani. Mteja akileta koti, bitana yake ilinitosha kujua kama ni tajiri au anajitutumua. Darasani walikuwamo watoto wa wenye nacho, na bado mwalimu aliwaambia wanisikilize mimi.

Mke wangu alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee huko Agincourt, mtaa mwingine wa jiji hilo. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini alipoanza kusema kwamba ataondoka. Si kuondoka Toronto, kuondoka kwangu mimi. Hakupaza sauti. Alisema huku akichambua mchele, kama anayesema chumvi imekwisha. Nikaona dawa ni kumwonyesha ninachokifanya jioni zote zile, ajue ameolewa na nani.

Jumapili moja ya theluji nikampeleka kwenye jumba la sanaa, nikamsimamisha mbele ya picha ya bibi arusi wa Italia ya zamani. Gauni la mahameli jekundu, mikono ina mipasuo, shati jeupe linachungulia.

"Mbona wamemvisha nguo iliyochanika?" aliuliza.

"Imechanwa makusudi. Anasema hata ya ndani ni nzuri. Na wekundu huo ulitolewa kwa wadudu, hauvai mtu hivihivi."

Wazungu wawili waligeuka kunisikiliza ingawa Kiswahili hawakijui. Ndivyo nilivyokuwa nikieleza.

"Basi mume alimpenda."

"Alimvisha. Kwao nguo hizo mara nyingi zilibaki mali ya mume. Akitaka anazichukua, anaziuza."

"Na mke akiondoka?"

"Anaondoka na alichokuja nacho."

Aliitazama ile picha muda mrefu kuliko nilivyotarajia. "Maskini. Amekaa wima hivyo na nguo za watu." Kisha akafunga vifungo vya koti lake, lile alilolinunua kwa mshahara wake wa kwanza. "Twende, mwalimu. Mwenzio nina zamu."

Ndani ya basi nikamkumbusha kwamba kwetu sivyo. Lile sanduku nililompelekea wakati wa harusi, doti za khanga, vitenge, viatu, udi, lilikuwa lake tangu lilipopokelewa. Hata mke akiachika halidaiwi.

"Najua," alisema, akageukia dirisha.

Siku niliyokabidhiwa diploma alisema yuko kazini. Nilirudi nayo mkononi, nikalikuta sanduku juu ya kitanda, wazi. Khanga zote zilikuwa zimepigwa pasi na kukunjwa doti kwa doti, hata ile ya usiku wa kwanza. Sare yake ya kazi haikuwapo. Koti lake halikuwapo. Hakuacha barua. Mtu mwingine angehitaji barua. Mimi nilisoma yote nikiwa bado mlangoni, na sikuweza kuingia.

Nimerudi nalo Tanga. Diploma iko ukutani sebuleni, kila mgeni anaiona. Sanduku liko chini ya kitanda, na dada yangu hachoki kuniambia nizigawe zile khanga kabla hazijaota ukungu. Sina wa kumpa. Si zangu, nilishazitoa. Na mwenyewe amesema si zake.