Taa Niliyompa Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, ameendesha gari la vifaranga miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo amelipita lori moja tu. Lori lenyewe lilikuwa langu.

Nianze na yeye, maana mimi mtanijua njiani. Ni mtu mfupi mwenye viganja vikubwa visivyolingana na mwili wake, na mashati ambayo dada huyapiga pasi mpaka kola zinasimama zenyewe. Kila alfajiri hufika kwenye kampuni inayototolesha vifaranga na kupakia maboksi ya karatasi ngumu yenye matundu ubavuni, vifaranga mia moja kila boksi, wote wa siku moja, wanapiga kelele kama shule nzima imepewa likizo. Kabla ya kuwasha gari huweka kiganja juu ya boksi la juu, atulie kidogo, apime joto. Ndipo aondoke. Kilomita hamsini kwa saa, kwenye mlima na kwenye tambarare, awe peke yake barabarani au awe na msururu wa magari ishirini nyuma yake yanayompigia honi na kumtukana.

Sisi madereva tulimwita Konokono. Aliyemtungia jina hilo ni mimi.

"Kifaranga hana pa kushika," aliwahi kuniambia. "Ukikata kona kwa fujo, wote wanalaliana upande mmoja. Wa chini anakosa hewa. Ukifika kwa mfugaji unafungua boksi la maiti."

Na kweli, wafugaji walikuwa wakipiga simu kumwomba yeye. "Mtuletee yule mzee wa polepole," walisema, na kampuni ilimtuma. Alifungua kila boksi mbele ya mwenyewe, akaonyesha kwamba wote wako hai, akafunga, akaaga. Hakuwahi kupata hata mkwaruzo. Alikuwa amebakiza miezi kumi na moja astaafu, na alishapanga siku ya mwisho atakavyokabidhi funguo: gari limeoshwa, tenki limejaa, na kitabu cha safari hakina hata mstari mmoja wa ajali. Kampuni yao ina sharti gumu. Dereva akipata ajali kwa kosa lake mwenyewe, kazi imekwisha siku hiyo hiyo, hata kama amebakiza wiki.

Mimi naendesha lori la saruji kwenye barabara hiyo hiyo. Ni barabara ya njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na milima haiishi. Mwenye gari dogo akiwa nyuma ya lori haoni kitu isipokuwa turubai na moshi. Dereva wa lori amekaa juu, ndiye anayeona mbele. Kwa hiyo tuna lugha yetu. Nikiwasha taa ya kulia, maana yake tulia, kuna kitu kinakuja. Nikiwasha ya kushoto, pita, njia nyeupe. Anayepita hupiga honi mbili fupi za ahsante. Haimo kwenye kitabu cha sheria na askari hataki hata kuisikia, lakini ndiyo inayotufikisha nyumbani. Mtu akipita kwa taa yako, ameazima macho yako.

Konokono hakuazima macho ya mtu. Ukimpa kushoto, anabaki pale pale. Ukimpa tena, anabaki. Nilimuuliza mbele ya dada, chakula kikiwa mezani, kwa nini hata mimi hanipiti.

"Siyo dharau, shemeji," alisema. "Taa yako naiona. Ila nikitaka kupita, napenda nione mwenyewe."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilichukia. Niliona amenivunjia heshima, mimi wa miaka kumi na mbili kwenye lori, tena mbele ya dada yangu. Tangu siku hiyo kila Jumapili nilikuwa na kichekesho chake. "Dada, siku ya harusi huyu alichelewa, au alikuwa nyuma ya trekta?" Watoto wa dada walikuwa wanavunjika mbavu. Naye alicheka, taratibu, hata kicheko chake kilikuwa gia ya kwanza.

Sasa Jumatatu moja, tukiwa kwenye yadi ya kupakia saruji tunapiga soga, nikajigamba. Niliwaambia wenzangu kwamba kabla ya wiki kuisha nitampitisha Konokono. Wakanicheka, wakasema labda nimfunge kamba nimvute. Basi nikaapa.

Kesho yake, saa nne asubuhi, nikiwa nimepakia mzigo kamili, nikamwona kwenye kioo. Gari jeupe, mikono yote miwili kwenye usukani, ameacha nafasi ya kutosha nyumba mbili kati yake na mimi. Tulikuwa tunaanza kupanda mlima mrefu. Kwa mzigo ule ningeweza kupanda kilomita thelathini kwa saa. Nikapunguza zikawa ishirini. Nikapunguza tena. Nyuma yake magari yakaanza kujipanga na honi zikaanza. Nikawasha kushoto. Alibaki pale pale. Nikaenda kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgonjwa, nikawasha tena kushoto, na safari hii nikatoa mkono dirishani nikampungia: pita, shemeji, pita.

Nadhani ni ule mkono. Taa yake ya kulia ikawaka. Nilikuwa namtazama kwenye kioo, na nilikuwa nacheka peke yangu ndani ya lori kama mwehu, nikiwaza nitakavyosimulia yadini.

Alipofika sambamba na mlango wangu, lori la maziwa likatokea kileleni.

Hakuwa na nafasi ya kurudi, kwa sababu magari ya nyuma yalishasogea yakaiziba. Angeweza kujibana kwangu akaingia chini ya magurudumu yangu, au kuvuka barabara aende mtaroni upande wa pili. Akavuka. Lori la maziwa likapita katikati yetu na honi ndefu, wala halikusimama. Nilisikia bati likijikunja, kisha kwa muda kidogo sikusikia kitu. Kisha nikasikia vifaranga.

Walikuwa kila mahali. Maboksi yalipasuka na vifaranga walitapakaa barabarani, wa manjano kwenye lami, wanakimbia huku na huko bila mama. Watu wa kwenye magari walishuka, wale wale waliokuwa wanapiga honi, wakaanza kuwaokota na kuwatia kwenye kofia na kwenye mikoba. Mimi niliwatia ndani ya shati. Shemeji alikuwa amekaa ukingoni mwa mtaro, mkono wa kulia unaning'inia vibaya, damu inamtoka kwenye nyusi.

"Wafunikeni," alikuwa anasema. "Wafunikeni, wanapata baridi."

Askari wa barabarani alikuja na pikipiki, akapima kwa hatua zake, akauangalia mstari wa katikati, akatikisa kichwa.

"Mzee, hapa ni mlimani na mstari haukatiki. Nani alikwambia upite?"

Shemeji aliinua macho akanitazama. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, vifaranga wananikwaruza tumboni ndani ya shati. Alinitazama kwa muda ambao ungenitosha kusema neno moja, hata matatu. Nikayateremsha macho.

"Hakuna aliyeniambia," alisema shemeji. "Nilichoka kusubiri."

Askari akanigeukia. "Na wewe wa lori, uliona nini?"

"Nilimwona anapita tu, afande," nikasema.

Hayo ndiyo maneno yangu, na yaliandikwa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini haikupasuka. Nilipanda lori nikapeleka saruji.

Yadini walishapata habari kabla sijafika. "Konokono kaota mabawa!" mmoja akapaza sauti, na yadi nzima ikaangua kicheko. Wengine walinipiga mgongoni kwa kuwa nilikuwa nimetimiza kiapo changu. Nikacheka nao. Hilo silisahau: nilicheka nao.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa dada kama kawaida, maana kutokwenda kungekuwa kujitangaza. Shemeji alikuwa na plasta kuanzia begani hadi kwenye vidole, anakunywa chai kwa mkono wa kushoto. Dada hakumwacha apumue.

"Mtu mzima na mvi zako, unapita lori mlimani! Umetuaibisha. Ungejiuliza kwanza, ninachofanya hiki kitamuumiza nani?"

Yeye anapuliza chai tu. Mimi nilikuwa natazama kitambaa cha plastiki cha mezani, maua mekundu na majani, nikaishia kuyajua yote, na lile lililoungua kwa sufuria. Jumapili ya pili ikawa hivyo hivyo. Ya tatu, dada akaongeza: "Na anayekosa akanyamaza, huyo ni mwanamume wa namna gani?" Shemeji alimwambia, "Mama, basi, inatosha," nami nikaomba maji ya kunywa, ambayo sikuwa na kiu nayo.

Kisha barua ikaja. Ijumaa saa tatu afike mbele ya wakubwa wa kampuni, ajieleze, na kila mtu alijua kitakachofuata.

Jumatano nilipomaliza kazi sikwenda nyumbani. Nilimkuta dada anapiga pasi shati jeupe, lile la kuvaa Ijumaa, mkono mmoja wa shati ameupasua kwenye mshono ili plasta ipite. Nilijikaza. Nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja, nikiwa bado nimesimama mlangoni na viatu vyangu vya vumbi: taa, mkono dirishani, maneno niliyomwambia askari.

Hakuinua kichwa. Aligeuza kola akapitisha pasi.

"Najua," alisema. "Aliniambia siku ile ile hospitali, hata plasta hawajamfunga."

"Sasa mbona ulikuwa unamsema kila Jumapili?"

"Yeye?" Hapo akaisimamisha pasi na kunitazama. "Nilikuwa nakusema wewe, mdogo wangu. Jumapili tatu nakusema wewe, na wewe unaomba maji."

Nilisema nitakwenda ofisini nitatoa maelezo, nitafanya chochote. Akanikatiza.

"Mimi ningeshakwenda zamani. Yeye ndiye alikataa. Anasema dereva yeyote anaweza kukadiria vibaya. Uliona njia nyeupe, lile lori likaja kwa kasi kuliko ulivyofikiri, huwezi kumchomea mtu kazi yake kwa hilo. Nenda nyuma kaongee naye."

Alikuwa uani, amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, anamwagilia mchicha kwa kopo kwa mkono wake mmoja. Nilichuchumaa mbele yake. Nikamwomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kopo chini.

"Nina swali moja tu, shemeji, linanisumbua usiku na mchana. Ulipowasha kushoto, mbele ulionaje? Kilele kilikuwa kitupu?"

Jibu rahisi lilikuwa limenijia ulimini. Kilikuwa kitupu, shemeji, lile lori lilitokea ghafla. Dada alishaniandalia, na yeye mwenyewe alikuwa ananisukumia kwa macho yake, anataka sana niseme hivyo. Ningesema, angenisamehe jioni ile ile, na tungekunywa chai.

"Sikuangalia," nikasema. "Nilikuwa nakutazama wewe kwenye kioo. Nilikuwa nacheka. Nilikuwa nimewaahidi wenzangu yadini kwamba nitakupitisha."

Maji yaliyomwagika yalikuwa yanazunguka mizizi ya mchicha na kuingia ardhini, na tuliyatazama wote wawili mpaka yakaisha.

"Mimi nilidhani uliona," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Nilijiambia, huyu ni ndugu wa mke wangu. Hawezi kunipungia mkono bila kuona."

Akainuka, akaliokota kopo. Mlangoni akasimama, bila kugeuka.

"Ijumaa saa tatu. Njoo uwaambie hivyo hivyo. Na kucheka pia, usipunguze."

Nilikwenda. Tulikaa benchi moja kwenye korido yao inayonuka dawa ya kuulia wadudu, yeye na shati lake lenye mkono uliopasuliwa, mimi na kofia mikononi. Ndani walikuwa watu watatu na karani. Nilipofika kwenye kicheko, mkubwa wao aliniomba nirudie, maana karani alidhani amesikia vibaya. Nikarudia. Nilikuwa nacheka. Karani akaandika.

Walimrudisha kazini plasta ilipotoka. Mimi kampuni yetu ilinisimamisha kazi miezi mitatu na yadini nikapewa jina ambalo silisemi hapa. Dada ananipa chai kama zamani, na Jumapili hakuna anayetoa kichekesho.

Wiki iliyopita nilimwona tena kwenye kioo. Gari jeupe lililonyooshwa bati, mikono miwili kwenye usukani. Tulikuwa kwenye tambarare, mbele hakuna hata baiskeli. Nilitazama mara tatu, nikapunguza mwendo, nikawasha taa ya kushoto na kuiacha iwake.

Alibaki nyuma yangu kilomita arobaini, hadi njia panda, akakata kona kwenda kwa wafugaji wake bila kupiga honi.