Mwanga Niliouandika Sifuri

Nakumbuka asubuhi moja kule Chole, Kisarawe, mwanangu. Nilikuwa injinia kijana, kiherehere kimenijaa. Tulikuwa tunajenga mnara mdogo wa majaribio: vioo vimepangwa shambani nusu duara, kila kimoja kinalielekeza jua kwenye tangi lililo juu ya mnara, maji yachemke, mvuke uzungushe mtambo wa umeme.

Kazi yangu ilikuwa kupiga hesabu za mwanga unaopotea njiani. Nilizipigia Kibaha, nyumbani kwetu Mkuza, feni ikinipepea. Kivuli cha kioo kimoja juu ya kingine nilikihesabu, vumbi nalo nikalihesabu. Lakini ule mwanga unaolikosa tangi na kupita pembeni niliuandika sifuri. Kwenye kompyuta yangu nguzo zote zinazobeba vioo zilisimama wima, na sifuri ilipendeza kwenye ripoti. Ujinga mtupu!

Mzee Kondo, fundi aliyezichimbia nguzo zile, alinipigia simu mara mbili. "Binti yangu, huku bondeni mvua imelegeza udongo. Nguzo zinalala. Njoo uzione." Nikasema nitakuja. Sikwenda.

Siku ya majaribio ikafika. Hamisa, mchomeleaji wetu, rika langu na mama wa mtoto mchanga, alikuwa juu ya ngazi, chini kidogo ya tangi, akikaza bomba. Mzee Kondo akataka vioo vibaki vimefunikwa maturubai mpaka Hamisa ashuke. Mimi huyo, mbele za watu: "Mzee, hesabu zinaonyesha mwanga wote unaingia kwenye tangi. Funueni!"

Wakafunua. Mwanga wa vile vioo vya nguzo zilizolala ukapita chini ya tangi, ukampata Hamisa mgongoni. Alipiga yowe ambalo sijalisahau. Mtandio ukaanza kufuka moshi, ngazi ikayumba, yeye akabaki amening'inia kwa mkono mmoja, na mimi nimesimama kama gogo. Mzee Kondo ndiye aliyekimbilia vioo vya bondeni akivirushia maturubai, kimoja kimoja, mpaka mwanga ukakatika.

Hamisa alishuka hai, mgongo umebabuka. Nikamfuata Mzee Kondo kumwomba radhi. Hakunifokea, afadhali angenifokea.

"Usiniombe mimi," alisema. "Kamwambie yule kwamba hukuja kuziona nguzo."

Nikaenda, nikamwambia yote. Hamisa akauliza, "Mwanangu angenyonya kwa nani?" Nililia palepale. Wiki iliyofuata nilipima kila nguzo kwa timazi kuona kama imesimama wima, nikarudia hesabu nikiwa shambani.

Basi, mwanangu, usiandike sifuri mahali ambapo hujafika. Aliyechimba shimo akikuita, nenda siku hiyohiyo, hata kama elimu yako imemzidi. Na mtu akiwa juu, hesabu zako zisubiri ashuke, hata ziwe sahihi namna gani. Mwenyezi Mungu akupe moyo wa kusikia unapoambiwa, na kila anayepanda ngazi kwa neno lako amrudishe salama kwa wanawe.