Dole Gumba la Babu Sifael

Kindness alipopata nafasi ya kusomea sayansi ya uchunguzi wa jinai chuo kikuu, majirani wa Uru hawakujua hata wampongeze vipi. Wengine walisema anakwenda kupasua maiti, wengine kwamba atarudi askari. Bibi yake Eliona, aliyemlea tangu baba yake alipokwenda Geita kutafuta maisha, aliwajibu mlangoni mwa kanisa kwamba mtoto anajifunza kuwatambua waongo. Tangu siku hiyo wapo watu wazima walioanza kumsalimia binti kwa adabu ya kupita kiasi.

Sasa yuko mwaka wa pili, amekuja likizo, na sifa hizo zimemponza.

Babu Sifael, mume wa Bibi, alikuwa na miezi mitatu kaburini. Kwa desturi yao kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, ni cha mtoto wa kiume wa mwisho, yaani Baba Mdogo Basili. Lakini baada ya mazishi ilitokea karatasi yenye alama ya dole gumba, ikisema nusu ya chini, pamoja na migomba na kile kijumba cha vyumba viwili, ni ya Shangazi Martha, aliyerudi kutoka kwenye ndoa mbaya na kumuuguza Babu mpaka mwisho. Basili hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtesa Kindness. Alisema kama ni neno la baba yake hatagusa hata jani, ila baba hakumwambia kamwe. Basi mtoto wetu msomi aitazame.

Kindness alijitetea kwamba yeye ni mwanafunzi tu, kwamba wapo wataalamu wanaotambuliwa na mahakama. Nani amsikilize? Jumapili baada ya ibada walikaa sebuleni, Basili akaweka mezani kadi ya zamani ya chama cha ushirika cha kahawa, ambayo Babu aliipiga dole gumba mbele ya watu. Kindness akatoa lenzi yake.

Kwenye kadi, mistari ilizunguka duara. Kwenye karatasi ilipinda kama kitanzi na kurudi ilikotoka, na katikati ilikatwa na kovu la mshazari. Kutazama mara moja kulitosha, lakini alitazama mara nne, kwa sababu kovu lile alilijua. Alikuwa darasa la tatu siku mundu ulipomkata Bibi dole gumba akikata majani ya ng'ombe, na yeye ndiye aliyekimbilia kitambaa.

Alipoinua macho, Bibi Eliona alikuwa anamtazama. Hakuwa anaomba kitu, alikuwa anasubiri tu.

Kindness aliogopa. Akisema kweli, Shangazi hana pa kulala na Bibi ameghushi wosia wa marehemu. Ni kweli Krismasi iliyopita Babu alisema kwamba Martha asitolewe pale. Lakini Babu akishapata mbege, ile pombe ya ndizi, alisema mengi. Krismasi hiyo hiyo aliwaahidi watu wawili ng'ombe mmoja. Na chuoni walifundishwa wiki ya kwanza kwamba mchunguzi akiwa kazini hana ndugu.

"Ni la Babu," alisema.

Akasubiri Basili amuulize amejuaje. Akasubiri aiombe lenzi atazame mwenyewe, maana hata mtoto angeiona tofauti ile. Angeulizwa swali moja tu, angesema yote, na alitamani aulizwe.

Basili hakuuliza. Alitoka nje, akarudi na jani la isale kutoka kwenye ua wa mpakani, amelifunga fundo, kama wanavyofanya kwao mtu akiomba msamaha. Likishapokelewa, neno limekwisha na halifufuliwi tena. Alimpa dada yake kwa mikono miwili. Martha, ambaye hakujua lolote, alilipokea akilia.

Kisha Basili akamgeukia mama yake. "Mama, nisamehe. Nilidhani mmenifanyia hila." Bibi Eliona aliitikia kwa kichwa.

Mwisho akamjia Kindness, akampa mkono. "Ahsante, mwanangu. Angesema mwingine, nisingeamini."

Kindness aliupokea mkono ule kwa adabu, na hakuweza kumtazama usoni.